Mlo wa keto ni dawa: Mazungumzo na wazazi wa watoto wenye kifafa na usonji

*Haya ni maandishi ya mazungumzo ya afisa wa lishe wa kaunti na wazazi na walezi wa watoto wenye kifafa na usonji jijini Nakuru. Tumeyafupisha kidogo ili yasomeke kwa urahisi.*

Najua wengine mmetoka mbali, Olenguruone, Kuresoi, Mai Mahiu, na mmepanda matatu mbili pamoja na mtoto asiyependa kelele wala msongamano. Kwa hivyo sitazunguka sana.

Siku hizi mzazi huja kliniki akiwa na simu mkononi. Ananionyesha video ya mama wa nchi nyingine anayesema kwamba mtoto wake aliacha kuanguka kifafa, na hata akaanza kuongea, baada ya kuondolewa mkate, sukari na vyakula vyote vya wanga. Kisha ananiuliza: "Je, na mimi nijaribu?"

Jibu langu lina sehemu tatu, na mkitoka hapa na hizo tatu nitaridhika. Kwanza, mlo huo upo, na ni tiba ya kweli ya kifafa kwa baadhi ya watoto ambao dawa zimeshindwa kuwasaidia. Pili, si tiba ya usonji. Tatu, hauanzishwi nyumbani kwa kufuata simu. Unaanzishwa na daktari na mtaalamu wa lishe, kwa vipimo, na mtoto akiendelea na dawa zake.

Kifafa ni kimoja, usonji ni kingine

Kifafa ni hali ya ubongo ambapo umeme wake unavurugika kwa muda, na mtoto anapata mshtuko. Anaweza kuanguka na kukakamaa, anaweza kutikisika mkono mmoja tu, au anaweza kukodoa macho kwa sekunde chache kama aliyesahau alikuwa anafanya nini. Si mapepo, si laana, na mate yake hayaambukizi.

Usonji ni tofauti. Ni namna ubongo wa mtoto ulivyokua tangu mwanzo, na unaonekana katika mawasiliano, katika kuhusiana na wengine, katika kupenda mambo yaende vilevile kila siku, na katika jinsi anavyosikia sauti, mwanga, harufu na ladha.

Hali hizi mbili hukutana mara nyingi kuliko inavyoweza kuwa bahati tu. Mtoto mwenye usonji ana uwezekano mkubwa zaidi wa kupata kifafa kuliko watoto wengine, hasa kama pia ana shida kubwa ya kujifunza. Ndiyo sababu mko wengi hapa.

Zikikutana, huchanganya hata wataalamu. Mtoto mwenye usonji anaweza kukodolea macho ukuta kwa sababu kivuli kinampendeza. Anaweza pia kukodoa macho kwa sababu amepata mshtuko mdogo. Kwa macho tu huwezi kuwa na uhakika. Jaribu kumwita na kumgusa. Kisha mrekodi kwa simu kwa dakika moja au mbili, na umwonyeshe daktari. Hapo simu itakuwa imefanya kazi nzuri kuliko kutafuta video za watu wengine.

Kabla ya kusema dawa imeshindwa

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hadi watu 70 kati ya 100 wenye kifafa wanaweza kuishi bila mishtuko wakipata matibabu yanayofaa. Hizi ni dawa za kawaida ambazo wengi wenu mnazijua, kama fenobabitoni, kabamazepini na valproeti. Kwa watoto wengi hakuna haja ya kufika kwenye mlo wa keto.

Lakini hapa kwetu Kenya, watafiti wa KEMRI kule Kilifi walichapisha mwaka 2012 matokeo yaliyoonyesha kwamba zaidi ya nusu ya watu wenye kifafa hawakuwa wakipata matibabu ipasavyo. Umbali wa hospitali, gharama, na imani kuhusu chanzo cha ugonjwa vilichangia. Mambo hayo hata sisi wa Bonde la Ufa tunayajua.

Kwa hivyo, kabla hujasema dawa imeshindwa, jiulize haya. Je, mtoto anameza kila siku, au dawa ikiisha anakaa wiki mbili mpaka nauli ipatikane? Je, kipimo ni cha uzito wake wa sasa? Mtoto aliyeanzishiwa dawa akiwa na kilo 12 na leo ana kilo 20, huku kipimo hakijabadilishwa, dawa haijashindwa. Mtoto amekua na kipimo kimebaki nyuma. Je, anaitema? Watoto wenye usonji wengi hukataa dawa kwa ladha au kwa jinsi inavyohisi mdomoni, na mama anaweza kuamini imemezwa kumbe imo kwenye kikombe. Na je, ni dawa inayofaa aina yake ya kifafa?

Mambo hayo yakiwa sawa, na dawa mbili zilizochaguliwa vizuri na kutolewa kwa kipimo cha kutosha zimeshindwa, basi madaktari husema kifafa hicho ni sugu kwa dawa. Hicho ndicho kipimo ambacho chama cha kimataifa cha wataalamu wa kifafa kilikiweka mwaka 2010. Kwa nini mbili? Kwa sababu utafiti wa Glasgow, Uskoti, uliochapishwa mwaka 2000 uliangalia wagonjwa 470 ambao hawakuwa wametibiwa kabla. Asilimia 47 waliacha kupata mishtuko kwa dawa ya kwanza. Dawa ya pili au ya tatu iliongeza asilimia 14 tu. Ukishapita hapo, kuendelea kubadilisha dawa moja baada ya nyingine huleta faida ndogo, na ndipo daktari huanza kufikiria njia nyingine. Mlo wa keto ni mojawapo.

Mlo huu ulitoka wapi

Tangu zamani sana waganga waliona kwamba mgonjwa wa kifafa akifunga kula, mishtuko hupungua. Tatizo ni kwamba mtoto hawezi kufunga milele. Mwaka 1921 daktari Russell Wilder wa Mayo Clinic, Marekani, alipendekeza njia ya kuudanganya mwili: mpe mtu mafuta mengi na wanga kidogo mno, na mwili utafanya kama umefunga ingawa unakula.

Kwa kawaida ubongo unatumia sukari inayotokana na wanga. Wanga ukikosekana, ini huyageuza mafuta kuwa kitu kinachoitwa ketoni, na ubongo unatumia ketoni kama kuni mbadala. Wataalamu wanaendelea kuchunguza ni kwa njia zipi hasa hali hiyo hutuliza umeme wa ubongo, lakini kwamba hutuliza kwa baadhi ya watoto, hilo limepimwa.

Mlo huu ulitumika sana hadi dawa ya fenitoini ilipoanza kutumika mwaka 1938. Kumeza kidonge ni rahisi kuliko kupima chakula, kwa hivyo mlo ukasahaulika. Uliorudisha habari zake kwa watu wa kawaida ni mkasa wa familia moja. Jim Abrahams, mtengenezaji wa filamu wa Hollywood, alikuwa na mtoto mchanga, Charlie, aliyekuwa akipata mishtuko mingi. Dawa zilishindwa, na hata upasuaji wa ubongo haukusaidia. Baba mwenyewe alisoma habari za mlo huu, akampeleka mtoto hospitali ya Johns Hopkins mwaka 1993, na mishtuko ikaisha. Mwaka 1994 alianzisha wakfu kwa jina la mtoto wake, na mwaka 1997 akatengeneza filamu kuhusu mlo huo.

Mkisikia kisa hicho, kumbukeni kwamba Charlie alianzishiwa mlo hospitalini, chini ya daktari na mtaalamu wa lishe. Sehemu hiyo ndiyo hukatwa kwenye video fupi.

Na si kila mtoto ni Charlie. Mwaka 2008 hospitali ya watoto ya Great Ormond Street, London, ilichapisha matokeo ya watoto 145 ambao dawa zilikuwa zimeshindwa. Walipangwa kwa bahati nasibu, 73 waanze mlo mara moja na 72 wasubiri miezi mitatu. Miongoni mwa wale 73, watoto 28 walipungukiwa na mishtuko kwa zaidi ya nusu. Miongoni mwa waliosubiri, ni wanne tu. Huo ni ushahidi mzuri. Lakini hesabuni pia upande wa pili: watoto wengi kati ya wale 73 hawakufikia nafuu hiyo. Anayekuambia mlo huu huponya kila mtoto anakudanganya.

Ndani ya sahani

Sasa tuje jikoni. Mlo wa keto wa asili hupimwa kwa uwiano. Katika uwiano wa nne kwa moja, kila gramu nne za mafuta zinaenda na gramu moja tu ya protini na wanga vikijumlishwa. Maana yake, karibu asilimia 90 ya nguvu ya chakula inatoka kwenye mafuta. Kila kitu kinapimwa kwa mizani ndogo ya jikoni, hata nyanya.

Kuna namna nyepesi zaidi inayoitwa mlo wa Atkins uliorekebishwa. Hapo hupimi kila kitu, lakini unahesabu wanga, kwa kawaida gramu 10 hadi 20 kwa siku nzima, na unaongeza mafuta kwa wingi. Mwaka 2013 madaktari wa New Delhi, India, walichapisha matokeo ya namna hii kwa watoto 102. Kati ya 50 waliokula mlo huo, 26 walipungukiwa na mishtuko kwa zaidi ya nusu baada ya miezi mitatu. Kati ya 52 waliobaki na chakula cha kawaida, ni sita. Nawataja kwa sababu nao wana familia zisizo na pesa nyingi, na chakula chao cha kila siku, kama chetu, kimejaa wanga.

Tuone basi gramu 20 ni nini. Kikombe cha chai yenye nusu maziwa na vijiko viwili vya sukari kina karibu gramu 14 za wanga. Vipande viwili vya mkate ni karibu gramu 28. Huyo mtoto amekunywa chai asubuhi tu, na ameshakula wanga mara mbili ya kiasi cha siku nzima. Kiazi kimoja cha kadiri kina karibu gramu 30. Unga wa mahindi una karibu gramu 75 katika kila gramu 100.

Nasi tunaishi wapi? Tunaishi kwenye viazi vya Molo, Mau Narok na Kuresoi, na mahindi ya Njoro na Rongai. Ugali, githeri, mukimo, chapati, mandazi, vyote vinaondoka kwenye sahani ya mtoto huyu. Tuna msemo kwamba mgonjwa haulizwi uji. Kwenye mlo huu uji ndio wa kwanza kuondoka.

Kinachobaki nacho kinapatikana sokoni. Mayai: yai moja lina wanga chini ya gramu moja. Parachichi, ile tunayoita avokado: nusu yake ina mafuta ya kutosha na wanga wa kuhesabiwa gramu mbili au tatu tu. Samaki wa Naivasha, omena, kuku na ngozi yake, nyama yenye mafuta, matumbo. Sukuma wiki, managu, terere na spinachi, kwa kiasi, vikikaangwa kwa mafuta mengi. Siagi ya maziwa, samli, krimu, mafuta ya kupikia, mafuta ya nazi. Kijiko kikubwa cha mafuta kina karibu gramu 14 za mafuta, na mtoto anaweza kuhitaji vijiko kadhaa kwa mlo mmoja.

Kuna mzee atakuambia wazee wetu walilelewa kwa maziwa na nyama, kwa hivyo hili si jambo geni. Ni kweli walilelewa hivyo, lakini huo si mlo wa keto. Kikombe cha maziwa kina karibu gramu 12 za sukari ya maziwa. Mursik na maziwa lala huwa na kiasi pungufu kidogo, lakini bado lazima vihesabiwe. Nyama nayo ikizidi, protini ya ziada mwili hugeuza sehemu yake kuwa sukari.

Na kuna wanga usioonekana kwenye sahani. Dawa nyingi za maji za watoto zina sukari, iwe ya kikohozi, ya homa au hata ya kifafa. Ukiandikiwa dawa yoyote, sema: "Mtoto wangu yuko kwenye mlo wa keto," na uulize kama kuna vidonge.

Mtoto mwenye usonji mezani

Hapa ndipo familia zenu zina kazi ya ziada. Watoto wengi wenye usonji huchagua chakula sana, na mara nyingi wanachokubali ndicho kile kile tunachotaka kuondoa: chipsi, mkate mweupe, biskuti, ugali mkavu bila mboga. Ukiviondoa vyote Jumatatu asubuhi, mtoto anaweza kukataa kula kabisa. Mtoto asiyekula huku akimeza dawa za kifafa ni hatari, si ukaidi wa kungojea uishe.

Kwa hivyo mtaalamu wa lishe atataka kujua, kabla ya jambo lolote, mtoto wako anakula nini kwa wiki nzima. Andika kila kitu, hata peremende aliyopewa kanisani. Atatazama pia anapenda nini kuhusu chakula hicho. Ni rangi? Ni ukavu? Ni kule kuvunjika mdomoni? Mtoto anayependa vitu vikavu anaweza kukubali omena iliyokaangwa ikakauka au yai lililokaangwa likawa jembamba kama chapati. Tumia sahani ile ile, kiti kile kile, saa ile ile. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, kwa mwendo utakaoelekezwa.

Mtoto asiyeongea hawezi kukuambia, "Mama, nahisi kichefuchefu," au "Nimeishiwa nguvu." Atalia, atajipiga, au atalala. Usiseme haraka kwamba ni usonji. Katika siku za kwanza hasa, usingizi usio wa kawaida, jasho, kutapika au kupumua haraka vinaweza kuwa dalili kwamba sukari ya damu imeshuka au ketoni zimezidi. Hiyo ni sababu kubwa ya kuanzia hospitalini.

Mwisho, mlo huu ni wa boma zima. Ndugu zake wanakula mandazi mbele yake. Jirani mwenye huruma anampa biskuti. Shuleni kuna uji wa saa nne. Mtoto anaweza kuingia jikoni usiku na kula sukari kwa mkono. Biskuti moja haimuui, lakini inaweza kushusha ketoni, na mshtuko ukarudi. Kwa hivyo mwambieni mwalimu, mwambieni nyanya, mwambieni jirani, kwa lugha rahisi: "Chakula cha huyu ni dawa yake."

Madhara, na nani asianze

Dawa yoyote ina madhara, na hii pia. Kufunga choo ni kwa kawaida sana. Kutapika hutokea mwanzoni. Mafuta ya damu yanaweza kupanda. Mawe kwenye figo yanaweza kutokea, ndiyo maana mtoto lazima anywe maji ya kutosha na daktari ajue dawa anazotumia. Mtoto anaweza kupunguza kasi ya kukua. Na kwa kuwa mlo wenyewe hauna matunda na nafaka za kutosha, lazima apewe vitamini na madini, pamoja na kalisi, zisizo na sukari. Bila hivyo atatibiwa kifafa na kupata ugonjwa mwingine.

Kuna watoto wachache waliozaliwa na miili isiyoweza kuchoma mafuta. Kwao mlo huu unaweza kuua. Hawatambuliki kwa kutazamwa, kwa hivyo daktari hufanya vipimo kwanza: damu, sukari, ini, figo na mafuta ya damu. Mtoto mwenye utapiamlo naye ajengwe kwanza. Kwa upande mwingine, kuna watoto wachache ambao sukari haifiki kwenye ubongo wao vizuri tangu kuzaliwa. Hao ndio mlo wa keto ni tiba yao ya kwanza. Tofauti ya hawa wawili ni vipimo, si bahati.

Na hili nalirudia: usimwachishe mtoto dawa ya kifafa ghafla, hata kama mishtuko imeisha. Kuacha ghafla kunaweza kuleta mshtuko usiokoma. Daktari akiona mlo umefanya kazi, yeye ndiye atakayepunguza dawa, polepole.

Je, usonji utapungua?

Mwaka 2003 madaktari wa kisiwa cha Krete, Ugiriki, walichapisha majaribio ya mlo wa aina hii kwa watoto 30 wenye tabia za usonji. Watoto 12 hawakumaliza. Waliomaliza, 18, walionyesha nafuu, wengine kidogo, wachache sana. Lakini hakukuwa na kundi la watoto wasiokula mlo huo wa kulinganisha nao, kwa hivyo hatuwezi kusema nafuu hiyo ilitokana na mlo. Majaribio mengine yaliyofuata ni madogo pia.

Ni kweli kwamba mzazi anaweza kuona mabadiliko. Mtoto aliyekuwa akipata mishtuko kumi kwa siku, akabaki na mmoja, atalala vizuri, ataamka mchangamfu, na anaweza kujifunza maneno. Huyo amepata nafuu ya kifafa, na nafuu hiyo imempa nafasi. Usonji wake bado upo, na bado anahitaji mafunzo ya kuongea, mwalimu anayemwelewa, na familia inayomkubali. Kama mtoto wako ana usonji bila kifafa, sikushauri mlo huu.

Maswali mnayoniuliza mara nyingi

*Nitajuaje kama unafanya kazi?* Kwa daftari. Andika kila mshtuko: siku, saa, ulidumu kwa muda gani, ulikuwaje. Anza hata kabla ya mlo, ili pawe na cha kulinganisha. Kwa kawaida mlo hupewa miezi mitatu. Usipoleta nafuu, unaachwa polepole kwa maelekezo, na hakuna wa kulaumiwa. Ukileta nafuu, watoto wengi huendelea kwa takriban miaka miwili, kisha hurudishwa kwenye chakula cha kawaida kidogo kidogo.

*Una gharama gani?* Mayai, samaki, krimu na mafuta kila siku ni gharama, tena kuna vipimo, vitamini na nauli. Lizungumzeni nyumbani, baba akiwepo, kabla ya kuanza. Mlo ulioanzwa na kukatizwa kila mwisho wa mwezi hausaidii. Mkiona hamuwezi, si aibu. Mwambieni daktari, mtatafuta njia nyingine pamoja.

*Mtoto akiugua malaria au kuhara?* Mpeleke hospitali mapema, na mwambie muuguzi kuhusu mlo kabla hajawekewa maji ya mshipa, kwa sababu mengi yana sukari. Kama sukari yake imeshuka sana atahitaji sukari, na daktari atampa. Uhai kwanza, ketoni baadaye.

*Akipata mshtuko nyumbani?* Mlaze ubavu, ondoa vitu vinavyoweza kumuumiza, legeza nguo shingoni. Usimtie kijiko, kidole wala maji mdomoni. Tazama saa. Ukipita dakika tano, au ukirudi kabla hajazinduka, mkimbize hospitali.

Pa kuanzia

Anza kwenye kituo cha afya kilicho karibu nawe, iwe Naivasha, Gilgil, Molo, Njoro, Bahati au Subukia, na uombe kuandikiwa rufaa kwa daktari wa watoto katika hospitali ya rufaa ya kaunti hapa Nakuru. Nenda na daftari la mishtuko, kadi ya kliniki, dawa zote anazotumia ndani ya pakiti zake, na orodha ya chakula cha wiki moja. Waulize mambo matatu: Je, kipimo cha dawa kinalingana na uzito wake? Je, kifafa chake ni sugu? Je, anafaa kupelekwa kwa bingwa wa neva za watoto kuhusu mlo wa keto? Bingwa huyo anaweza kuwa Nairobi au Eldoret, na mlo wenyewe haufai kuanza kabla ya kuwa na mtaalamu wa lishe atakayekufuatilia.

Kwa upande wa usonji, nenda kwenye kituo cha tathmini ya elimu cha kaunti ndogo yako ili mtoto apangiwe shule inayomfaa. Mwandikishe pia katika Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, na hakikisha familia imesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii.

Wahudumu wa afya ya jamii, mkiingia boma lenye mtoto kama huyu, ulizeni maswali mawili tu: dawa ipo, na amemeza leo? Kwa watoto wengi wa kaunti hii, maswali hayo yataleta nafuu kubwa kuliko parachichi na mayai yote ya soko la Wakulima. Na kwa yule ambaye dawa kweli zimeshindwa, mlo huu ni nafasi halisi, mradi uingie nyumbani kwake kama dawa, kwa kipimo na kwa usimamizi.

Sasa wale wenye madaftari karibuni hapa mbele tuyaangalie pamoja. Ambaye hana, tutaanza naye moja leo.